Rozi Iko Njiani

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Wenzangu huenda Malindi kununua nguo, wengine hufika mpaka Lamu kutembelea ndugu. Mimi nikifika Garsen sokoni, nikanunua sukari na sabuni, nimeshaona ulimwengu wa kutosha. Nataka kurudi kijijini kwetu Hewani nikaone kama kuku wangu wameingia bandani. Kwa hivyo watu hushangaa wakisikia kwamba nina wivu. Wanadhani wivu ni maradhi ya watembeao. Mtembezi huona kwa macho akaridhika. Anayekaa nyumbani hulazimika kubuni, na mimi hubuni vizuri kuliko ninavyopika.

Mwaka ule wa mafuriko nilibuni mke mwenza mzima, na nilimtengeneza kwa neno moja la Kiingereza, fupi, lenye herufi nne ukiliandika kwao na herufi nne ukiliandika kwetu. Rozi.

Shuleni tulifundishwa kwamba ni ua. Mwalimu alilichora ubaoni likafanana na kabichi iliyogombana na mtu. Hapa kwetu sikuwahi kuona aliyelipanda. Waridi tulilijua kwa pua tu, kwenye vichupa vya marashi ambavyo akina mama wa Kipini huja navyo sokoni. Halafu rozi ni jina la mwanamke, na hilo halikuhitaji mwalimu: kila kwaya ina Rozi wake, na aghalabu ndiye anayeanzisha wimbo. Nilidhani maana zimeishia hapo, ua na mwanamke. Na kwa mwenye wivu hizo si maana mbili.

Baba watoto ni mkulima wa kando ya mto. Ana migomba, ana mpunga maji yakiruhusu, na mwaka ule alikuwa ameanzisha kitalu cha nyanya. Si mzuri wa sura. Nasema hivyo kwa mapenzi, na pia kwa matumaini kwamba wengine nao wataliona hilo. Ana simu ambayo spika yake ya sikioni ilikufa zamani, imebaki ile ya kelele, kwa hiyo kila anayempigia anasikika na kijiji kizima. Na kwa kuwa mtandao nyumbani kwetu huja na kuondoka kama paka, akitaka kuongea huenda kwenye migomba, karibu na ukingo, anasimama hapo ameinua simu mbele ya uso kama anajitazama kwenye kioo.

Jioni moja nilikuwa nachota maji pale chini. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nachota polepole.

"Rozi iko?" akauliza.

"Iko," sauti ya mwanamume ikajibu. "Imeingia jana kutoka Malindi."

"Ni laini?"

"Laini sana. Kwani ile yako ya zamani iko namna gani?"

"Ah, ile imezeeka. Imeshika kutu. Navumilia tu."

"Kuja uone hii. Wiki haitaisha utasahau ile ingine."

"Basi niwekee. Usipee mtu."

"Naficha hapa nyuma."

Ndoo ilijaa, ikamwagika, ikajaa tena. Nilitazama mikono yangu kama ina kutu.

Sasa, kuna jambo ambalo lingeweza kuniokoa, nami nililifikiria palepale nikiwa na ndoo kichwani. Nilimaliza kidato cha nne, na somo pekee nililofaulu bila kuombewa lilikuwa Kiswahili. Mwalimu wetu alikuwa akisema Kiswahili ni ngeli, mengine ni mapambo. Mtu yuko, kitu kiko, ngoma iko. Kama Rozi ni mwanamke, basi yuko, ameingia jana, na yule wa zamani amezeeka. Hawa wawili walisema iko, imeingia, imezeeka. Kwa mujibu wa mwalimu wangu, hapo hapana mwanamke. Ningekwenda nyumbani nikalala.

Lakini mwalimu wangu hakufanya biashara Garsen. Pale sokoni Muorma analeta ng'ombe, Msomali ana duka, Mgiriama ana nazi na sisi Wapokomo tuna ndizi zetu, na kila mmoja ameiacha lugha ya mamake nyumbani. Tunaongea Kiswahili cha kupatana bei. Ngeli ndizo huachwa kwanza, maana haziongezi faida. Ng'ombe iko, basi ya Lamu iko, mama ya watoto iko. Baba watoto mwenyewe, aliyesoma darasa moja na mimi, akikaa na wafanyabiashara nusu saa hurudi hajui tena tofauti ya mtu na gunia. Siku moja alikwenda kumpokea mama yangu stendi, akanipigia kunituliza: "Mama mkwe iko hapa, nimeipakia." Mama yangu alisikia. Hakuzungumza naye mpaka Jumapili.

Kwa hiyo iko haikuwa ushahidi wa lolote. Rozi angeweza kuwa mtu na angeweza kuwa gunia, na mimi sijawahi kumwonea gunia wivu.

Alipoingia ndani alikuwa anapiga mluzi.

"Ulikuwa na nani huko?" nikamuuliza.

"Mwenye duka la mbegu."

"Mnaongea nini na mwenye duka la mbegu mpaka mluzi?"

"Mambo ya shamba."

"Shamba lina bahati."

Akanitazama, akaona ni utani, akaomba chakula. Nilimpakulia. Nilimpa ukoko.

Siku chache baadaye ndipo ujumbe ulipoingia. Lazima nieleze kwanza kwamba kikundi cha wakulima kilimchagua baba watoto awe mpokeaji wa habari za mto. Mvua ikinyesha sana huko bara, maji hupita Madogo kwanza, pale ng'ambo ya Garissa, kisha huchukua siku kadhaa kutufikia sisi wa chini. Miaka yote kulikuwa na mzee mmoja Madogo aliyekuwa akipiga simu na kupaza sauti, "Maji yanakuja, ondokeni huko," na kwa ile spika yetu hata nyani wa msituni walikuwa wakiondoka. Mzee huyo alikuwa amepumzika. Nani alichukua nafasi yake sikujua, wala sikuuliza. Mto wenyewe ulikuwa mdogo, watoto walikuwa wanauvuka wakicheka.

Simu ilikuwa dirishani ikichaji kwa sola, mwenyewe yuko shambani. Ikalia mara moja. Juu ya kioo paliandikwa "Madogo", bila jina la mtu, na chini yake Kiingereza:

"Rose last night. Very big. Will reach you Saturday. Inform the others."

Kiingereza changu ni cha kutafsiri neno baada ya neno kama mtu anayevuka tope kwa kukanyaga mawe. Nikatafsiri. Rozi jana usiku. Mkubwa sana. Atakufikia Jumamosi. Wajulishe wengine.

Nilikaa kitandani.

Rozi jana usiku. Jana usiku baba watoto alikuwa ndani ya nyumba hii akikoroma, hilo nalijua. Lakini sentensi haikuwa imekwisha, na sentensi ambayo haijaisha ni mbaya kuliko tusi. Rozi jana usiku amefanya nini? Amepanda gari? Amelia? Amekubali? Halafu, mkubwa sana. Hapo nilisimama nikajitazama kwenye kile kioo chetu kinachoonyesha kuanzia kidevu hadi kitovu. Mimi ni mwembamba. Nikivaa leso mbili ndiyo naonekana nimevaa moja. Na kumbe bwana alikuwa anatafuta ukubwa. Lakini kilichonichoma hasa ni kile cha mwisho. Wajulishe wengine. Kijiji kizima kilikuwa kiambiwe, na wa kuambiwa mwisho nilikuwa mimi.

Na Madogo si mahali pa kudharau. Ni mji wa barabarani, malori na mifugo, wanawake wa huko wana maduka yao. Mimi nina kuku.

Nilikwenda kwa wifi yangu, dada yake mkubwa, anayekaa kule juu karibu na kanisa ambako maji hayajawahi kufika. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Wifi, unamjua Rozi wa Madogo?"

"Rozi gani? Wa nani?"

"Wa kaka yako. Jumamosi anafika."

Aliweka ungo chini ili acheke vizuri. "Kaka yangu? Kaka yangu huyuhuyu? Wifi, hata wewe alikupata kwa sababu nyumba yenu ilikuwa njiani."

"Nimesoma kwa macho yangu."

"Basi mpikie. Akijua kupika kuliko wewe, sote tutashiba."

"Nimekuja kukuomba mahali pa kuweka vitu vyangu."

Hapo akaacha kucheka. "Unaondoka?"

Siwezi kuondoka. Kwetu ni mbali, kufika kunataka kupanda gari, na mimi nikipanda gari natapika kabla halijawashwa. Wanawake wengine wakiudhika hurudi kwao; mimi nikiudhika hurudi jikoni. Nilichoamua ni kwamba mwili wangu utabaki Hewani, lakini Rozi akifika katika ile nyumba hatakuta hata kifuniko cha sufuria. Akute kuta na popo. Kama ni mkubwa, alale chini aijaze sakafu.

Nikaazima toroli. Safari ya kwanza godoro na blanketi. Ya pili sufuria zote, vyungu, ndoo, mbegu za mpunga, gunia la mahindi. Ya tatu kuku, miguu imefungwa, wakinilaumu njia nzima. Nilichukua picha yetu ya harusi ukutani, nikachukua na msumari. Baba watoto nilimwachia kigoda, jembe, ile keni yake ya kumwagilia nyanya, na sahani moja. Kijiko sikuacha.

Ile safari ya pili ndipo jirani yangu, mama mtu mzima ambaye haachi kitu kipite bila kukiuliza, aliposimama uani kwake.

"Mwenetu, unahama?"

"Naam, mama."

"Kuna nini?"

Nilikuwa na jibu, lakini mdomo ulikataa kumwita Rozi mtu. Nilimtoa makusudi katika ngeli ya watu. Nikasema, "Jumamosi kinakuja kitu kikubwa kutoka Madogo. Mimi hakitanikuta."

Alinitazama. Akatazama mtoni. Kisha akaingia ndani, na nilipokuwa narudi na toroli tupu nilimwona ametoka na godoro lake kichwani. Nyuma yake mkazamwana wake na sufuria. Nyumba ya pili nao wanafunga mbuzi kamba. Nyumba ya tatu wanashusha mahindi darini.

Machozi yalinitoka, sitaficha. Nilidhani wamesimama nami. Nilidhani mstari mzima wa wanawake umekataa kukaa jirani na Rozi. Nikasema moyoni, kumbe nilikuwa napendwa hivi, na mwaka jana niliwanyima chumvi.

Jua lilikuwa limeinama baba watoto alipofika kwa wifi akikimbia, simu mkononi. Uwanja ulikuwa umejaa magodoro, mbuzi na wanawake waliochoka. Alisimama akahema, akageuza shingo huku na huku, kisha akaniona nimekaa juu ya gunia langu la mahindi.

"Umesoma meseji?"

"Nimesoma."

"Ukawaambia wote hawa?"

"Wana macho yao."

Alishika kiuno. "Mungu akubariki," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Nimekuta nyumba tupu nikasema nimechelewa, kumbe mwenzangu amemaliza kazi yote."

Nimewahi kuonyeshwa ujeuri, lakini kubarikiwa kwa kumpisha mke mwenza, tena mbele ya watu, hilo lilikuwa jipya. Nilimvuta nyuma ya jiko la wifi.

"Nimekuachia nyumba," nikamwambia. "Mkae."

"Nani akae? Nyumba itajaa."

"Kwani anakuja na watu wangapi?"

"Nani?"

"Rozi wako."

Alinyamaza. Nilimjua anavyonyamaza akiwa na hatia, na huku hakukuwa kunyamaza kule. Huku kulikuwa kwa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya nchi nyingine. Akafungua ule ujumbe, akausoma huku kidole kikitembea chini ya maneno, midomo ikisogea. Naye Kiingereza chake ni cha kukanyaga mawe.

"Hii?" akasema mwishowe. "Hii si mtu. Ni mto. Mto umepanda jana usiku." Na kwa kuwa niliendelea kumkazia macho, akaongeza kama mwanafunzi, "Rise, rose..."

"Risen," mdomo wangu ukasema wenyewe. Tuliimba hayo darasani kila asubuhi, tukipiga madawati, na nilidhani ni wimbo.

"Na ile rozi laini?" nikauliza, maana sikuwa tayari kushindwa yote kwa mkupuo. "Ile imeingia kutoka Malindi. Ile unafichiwa nyuma ya duka. Na ile ya zamani yenye kutu, ambayo unavumilia tu."

Ilimchukua muda kukumbuka. Kisha akakunja ngumi, akaichanua vidole taratibu juu ya kichwa changu kama anayeninyunyizia maji.

"Kile kichwa cha keni, chenye matundu. Ndicho kinaitwa rozi. Matundu yakiwa makubwa, maji huangusha miche; yakiwa madogo, maji hutoka laini. Tulifundishwa kwenye Kilimo."

"Mimi nilichukua Sayansikimu."

"Ndiyo shida."

Hapo nilifahamu kwamba kwa siku kadhaa nimekuwa nikishindana na mto na kopo la bati, na kwamba kwa upande wa kopo nilikuwa nashindwa. Tangu siku hiyo neno hilo haliniachi. Juzi alikuja fundi wa umeme kwa wifi kuweka taa, akatoa kidude cha duara cha kushikilia waya darini, akauliza kwa utulivu kabisa, "Mama, rozi ya chumba cha kulala niweke wapi?" Wifi aliniangalia mimi.

Lakini turudi nyuma ya jiko, maana sikuwa nimemaliza.

"Na huyu Madogo ni nani?"

"Ni msichana mmoja. Ndiye anasoma kipimo cha maji siku hizi, tangu mzee apumzike."

"Msichana."

"Ndiyo."

"Anakuandikia Kiingereza."

"Anatuandikia wote wa huku chini. Ndivyo alivyosoma."

"Mwambie aandike Kiswahili. Na asikate maneno. Aandike, mto umepanda. U-me-panda. Kila mtu ajue aliyepanda ni nani."

Sitasema alicheka. Alikaza taya, akainamisha kichwa, akaandika ujumbe palepale huku namsomea herufi juu ya bega. Yule msichana akajibu upesi, "Sawa baba, samahani," na lile neno baba nililipokea kwa shukrani kuliko yeye alivyoweza kujua.

Mto haukushika ahadi ya Jumamosi. Ulifika Ijumaa, kabla ya adhuhuri, rangi ya chai ya maziwa, ukaja kwanza kwa mashimo ya panya, kisha kwa njia, kisha kila mahali. Kufikia jioni nyumba zetu zilikuwa zimesimama ndani ya maji hadi madirishani. Kitalu cha nyanya sikukiona tena. Lakini katika mstari wetu hakuna aliyepoteza godoro, wala mbuzi, wala debe la mbegu, kwa sababu ya mwanamke mmoja kukataa kuachia sufuria zake.

Hapo ndipo hofu mpya iliponishika. Kijijini kwetu kisa kizuri hakifi. Kuna mzee anaitwa mpaka leo kwa jina la samaki aliyemkimbiza akiwa kijana. Nami nilijua baba watoto ameshika kisa kitamu kuliko vyote, na wifi ameshika nusu yake. Ningezeeka naitwa Rozi. Watoto wa wajukuu wangu wangeimba.

Jumamosi tulikula pamoja uwanjani kwa wifi, watu wa mstari mzima kwenye mikeka, sufuria yangu kubwa katikati. Yule mama jirani akaomba kusema. Akasema wazee walikuwa wakiujua mto kwa kunusa upepo, na kwamba alidhani elimu hiyo imekwisha, kumbe imebaki kwangu. Wengine wakaitikia. Kisha akanigeukia.

"Mwenetu, uliwezaje kujua mapema vile? Mto ulikuwa mdogo, watoto wanavuka."

Nilitia tonge mdomoni ili nisiweze kujibu. Wifi alikuwa ameshavuta pumzi. "Huyu?" akaanza, macho yameshajaa kicheko. "Huyu ngoja niwaambie, huyu alikuwa amesikia..."

"Mke wangu hufikiria mbali," baba watoto akasema. Hakuinua sauti, wala hakunitazama. "Dada, niongezee mchuzi."

Wifi alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, upawa hewani. Wale wawili wamelelewa nyumba moja. Akamwongezea mchuzi, kisa akakiacha.

Nilimeza lile tonge. Miaka yote hiyo nilikuwa nataka kujua kama mimi ni wake, na sasa nilikuwa nimejibiwa mbele ya watu wote bila mmoja wao kujua kuna swali. Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha hapo. Ila nilipoinua macho niliwaona wale wanawake. Walikuwa wanamtazama mume wangu jinsi mwanamume anayemsifu mkewe hadharani anavyotazamwa, na mmoja, mjane, bado mbichi, mkubwa wa umbo, akasema taratibu, "Wanaume wa namna hii hawapatikani tena."

Nikasogea pale mkekani mpaka bega langu likagusa la baba watoto, nikaweka mkono juu ya goti lake, na nikauacha hapo mpaka watu walipomaliza kula.